Wiki Tatu za Habasoda

Ninamwandikia mtu mzima aliyekaa kwenye benchi la kliniki, mguu unamtikisika, na namba aliyopewa mlangoni ameshaisahau. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuitwa majina yote: mvivu, mjeuri, mwenye jini la safari, mwanamke asiyetulia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mgonjwa. Kwa hiyo ukikuta ukali humu, nivumilie. Nimejaribu mara mbili kuandika kwa upole, na mara zote mbili nimechana karatasi.

Kwetu ni Mtambile, Pemba. Nilipokuwa darasa la tatu nilipoteza kiatu kimoja cha Idi. Sikujua nilikivua wapi. Baba alinipiga, kisha akanituma nikakitafute, na njiani nikaona watu wanachimba kisima, nikasimama kuangalia mpaka jua likazama. Nikapigwa tena. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilipigwa kwa kuangalia nje wakati wenzangu wanasoma, na skuli nilipigwa kwa kujibu kabla ya kuulizwa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliniambia mbele ya darasa zima, "Asya, akili unayo, unaikalia tu." Wenzangu walicheka mwezi mzima. Hasira zangu na mtu yule bado ni mbichi, ingawa amekwisha kufa, Mungu amrehemu.

Nilimaliza kidato cha nne kwa kubahatisha, kisha nikaanza kuondoka. Tanga nilijifunza cherahani na nikaacha gauni la bibi harusi bila mikono. Mombasa niliuza mahamri. Dar es Salaam nilisuka nywele, na kuna mwanamke nilimwacha kitini na kichwa nusu, nikaenda kununua uzi, nikarudi baada ya Alasiri. Unaweza kucheka, na mimi hucheka. Lakini kila mji niliouacha ninao kifuani mpaka leo. Nikisikia harufu ya mkaa uliomwagiwa maji nauona uchochoro wetu wa Tanga, na machozi yananitoka. Nilikuwa nikiondoka kwa sababu kichwa kilichoka na mahali, kisha nikifika ninakokwenda napakumbuka nilikotoka. Ndoa zangu mbili zilikwenda hivyo hivyo.

Ndoa ya pili ilinipa Nasra. Baba yake alirudi kwao Kiuyu akaoa, na hakumdai mtoto. Nasra alipokuwa na miaka sita nilimwacha kwa kaka yangu Seif, hapo hapo Mtambile, nikaenda Maskati kufanya kazi za ndani.

Katika nyumba ya mwisho niliyofanyia kazi kulikuwa na binti wa miaka kumi ambaye kila asubuhi mama yake alimpa kidonge. Bila kidonge alikuwa kama mimi: anafungua kabati na kuliacha wazi, anaanza sentensi na kuitupa. Akimeza, anakaa chini na kumaliza kazi yake ya skuli. Nikamwangalia miezi minane. Asubuhi moja nikakiiba kimoja nikameza.

Sikuficha jambo hili kwa daktari na sitalificha hapa. Baada ya muda mfupi ilikuwa kama mtu amezima redio iliyokuwa ikipiga kelele kichwani tangu nizaliwe, na mimi nilidhani kila mtu anayo. Nilipiga pasi kapu zima la nguo, moja baada ya moja, na kila moja niliimaliza. Mchana moyo ukaanza kunidunda mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia mama wa nyumba ukweli, maana niliogopa nitakufa. Wiki hiyo hiyo nikarudishwa. Habari zilifika Pemba kabla yangu: Asya kafukuzwa, kaiba dawa.

Nilipokwenda kumchukua Nasra, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, Seif alinizuia barazani kwake. Seif ni kaka yangu mkubwa, mtu wa swala tano na saa ya mkononi.

"Mtoto si kanga," aliniambia, "ya kuivua na kuivaa utakapo."

"Ni mwanangu, kaka."

"Ni mwanao. Nani kakataa? Lakini kazoea kula kwa wakati. Msimu wa karafuu ndio huu unaanza. Kaa kwa mama, zisimamie karafuu zetu mpaka gunia la mwisho. Usiondoke, usiache jambo nusu. Ukifika mwisho, Nasra atakuja kukaa na weye. Ukishindwa, usiniulize tena."

Nasra alikuwa mlangoni, anasikia kila neno, anasugua mguu mmoja juu ya mwengine. Hakulia. Nilimchukia kaka yangu wakati ule, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilijua nitashindwa.

Hilo ndilo lililonipeleka hospitali ya Wete. Kulikuwa na daktari wa akili aliyekuja mara moja kwa mwezi. Watu wanaoingia mlango ule hufunika uso. Bibi aliyekaa karibu na mimi alikuwa amemleta mjukuu mwenye kifafa, akaniuliza, "Weye umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe, bibi."

Akasogea kidogo. Wakaita namba, nikawa sijui yangu. Nilipekua mkoba, nikainama chini ya benchi, mpaka kumbe kikaratasi nilikuwa nacho mdomoni, nakitafuna. Bibi yule alinitazama kwa huruma, akasema, "Ingia tu, mwanangu. Wanakuona."

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, mtu wa Unguja kwa lafudhi yake. Aliniuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa. Ukiwa mtoto ulipoteza vitu? Unamaliza kazi ukiwa umeachiwa peke yako? Ukiongeleshwa, kichwa kinakwenda wapi? Nilijibu, na nilivyozidi kujibu nikazidi kupandwa na hasira, mpaka nikapiga meza yake. "Mulikuwa wapi?" nilimwambia. "Miaka arobaini mulikuwa wapi nyie?"

Hakukasirika. Alisema ugonjwa huu watu wengi huujua kwa herufi zake, ADHD, ugonjwa wa akili isiyotulia mahali pamoja, na kwamba kwa wasichana mara nyingi haugunduliwi. Nilipomsimulia kidonge cha Maskati akanipima presha mara mbili.

"Kile ni dawa ya kuchangamsha, dada Asya. Inafanya kazi siku hiyo hiyo. Hapa kwetu kuipata ni kazi, na kwa mapigo ya moyo unayonielezea sitaki kukuanzishia hiyo. Ipo nyingine ambayo si ya kuchangamsha. Inaitwa atomoksetini. Hii inajijenga mwilini polepole. Unameza kila siku, umekula, na wiki za mwanzo huoni faida. Unaona kichefuchefu tu."

"Wiki ngapi?"

"Sita. Pengine nane."

"Daktari, mtu asiyeweza kungoja maji yachemke unampa dawa ya kungojwa wiki nane?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipa masharti, na nayaandika hapa kwa faida ya mwenzangu. Mkojo ukiwa mweusi au macho yakiwa manjano, rudi mara moja. Ukipata mawazo ya kujidhuru, rudi siku hiyo hiyo. Kapsuli isifunguliwe, imezwe nzima, maana unga wake ukigusa jicho unawasha vibaya sana.

Dawa iliagizwa Dar ikaja kwa boti, kichupa cheupe, kapsuli za rangi mbili. Nilianza siku ambayo wachumaji waliingia shambani.

Wiki ya kwanza mdomo ulikauka kama nimelamba chokaa. Wiki ya pili daktari, kwa simu, aliniongezea nguvu ya dawa, na chakula nikakiona adui. Wali wa nazi, ambao Maskati niliulilia, sasa ulinitapisha. Nilitoka jasho la mgongo nikiwa nimekaa kivulini. Nguo zilinipwaya, mifupa ya shingo ikaonekana. Mama yangu, ambaye majirani humwita Bi Raya, alikuwa akinipikia uji wa mtama na kusimama juu yangu. "Kunywa," anasema. "Dawa gani hii inayomla mtu?" Niliwahi kumwonesha kichupa na kumsomea masharti yote. Mama hajui kusoma, lakini halisahau analolisikia. Lile la jicho, kwa bahati mbaya, sikulisoma. Niliruka mstari, kama kawaida yangu.

Wiki ya nne nilianguka kisimani. Niliinuka haraka na ndoo, dunia ikageuka, nikaamka nimelala kwenye tope na mama ananimwagia maji usoni huku anasoma Ayatul-Kursi. Alinishika mikono miwili, akaninyanyua. Nilimwambia ni kawaida, nitamwambia daktari. Alichukua ndoo, akatangulia nyumbani.

Kisha wiki ya tano ikaja.

Jioni, baada ya karafuu kushushwa, wanawake hukaa kuzichambua: unatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mkono kwa mkono, mpaka pakacha liishe. Ni kazi ya kukaa. Tangu utotoni mimi katika kazi hiyo nilikuwa kichekesho. Jioni hiyo nilianza pakacha, tukazungumza, na nilipoinua macho pakacha lilikuwa tupu. Mbele yangu palikuwa na chungu mbili, karafuu huku na makonyo kule.

Jirani yetu Bi Mize alipiga kofi. "Njooni muone! Asya kakaa! Leo itanyesha mvua ya mawe."

"Mwache," akasema mwengine, "labda kashikwa na kiuno."

Nilicheka nao. Lakini nilikwenda nyuma ya nyumba nikaweka paji la uso kwenye ukuta. Redio haikuzimwa, kama siku ile ya Maskati. Ilikuwa imepunguzwa. Niliweza kusikia wazo langu moja likifika mwisho. Nikawaza: magunia yakiisha, Nasra anakuja.

Hali hiyo ilidumu siku nne au tano. Kisha ikaondoka.

Sitaki kuieleza kwa urefu. Asubuhi moja niliamka na kelele zote zimerudi. Nikajiambia ni uchovu. Siku ya tatu niliacha ufunguo ndani ya unga. Siku ya sita niligombana na wachumaji kwa jambo ambalo hata sikumbuki. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepona: tumbo. Nilikula wali, nikanenepa, mama akafurahi. "Umeona?" anasema. "Uso umerudi." Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu siku hizo, yamevimba, yanatoka maji. Nilimuuliza, akasema ni moshi wa kuni mbichi.

Mimi nilikuwa nameza kila asubuhi bila kukosa. Nilidhani dawa imenikataa. Nilidhani hata zile siku nne nilizitunga, kwa kutaka sana.

Siku ya mvua, Nasra alikuwa ameletwa kushinda kwetu. Seif alituachia karafuu zimeanikwa uwanjani, majamvi sita, zilikuwa zimebaki siku moja zikauke. "Macho yako yasitoke hapo," aliniambia. Mama alikwenda mazikoni. Nilikaa. Wallahi nilikaa. Kisha nikakumbuka kuwa jamvi moja limetoboka na Bi Mize analo jengine, nikaenda kwake mara moja. Kwake nikakuta anazungumzia kitambaa kilichofika dukani, nikaenda dukani. Dukani gari ya Chake Chake ilikuwa inaondoka na ndani yupo mwanamke niliyesoma naye, akanipigia kelele, nikapanda tuzungumze mpaka kituo cha mbele. Nilikuwa Chake wingu lilipofunga.

Nasra alibaki peke yake na majamvi sita. Alijaribu kuyakunja. Alilivuta la tatu kuelekea barazani, likamzidi uzito, akateleza kwenye ngazi na kuangukia mkono. Nilipofika nimelowa, niliwakuta watu uwanjani, karafuu zinaelea, na mwanangu amekaa kwenye kiti cha ukambaa, kifundo cha mkono kimevimba, anauma mdomo wake wa chini.

"Mama," aliniambia, "nimeokoa mawili."

Hospitali walimfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Seif hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alinitoa nje ya wodi akasema, "Umeona mwenyewe. Na usinitajie tena habari za ugonjwa. Ugonjwa gani huo unaojua njia ya Chake?" Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa tangu siku ya kwanza: Nasra hatakuja kwangu. Mama alikuwa amesimama pembeni, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alisikia yote. 

Nilifunga begi. Unajua nilikwenda wapi kichwani? Tanga, uchochoro wetu, harufu ya mkaa. Nilipanga kutoka na gari ya asubuhi kwenda bandarini. Kabla ya kutoka nilitia kapsuli mdomoni kwa mazoea, na kapsuli ikafunguka juu ya ulimi. Haikuwa imefungwa vizuri.

Nilingoja uchungu wa dawa. Kilichonijia ni harufu ya jiko la marehemu bibi yangu, harufu ya mbegu nyeusi tulizonusishwa kwa mafua ya utotoni, ule ukali unaopanda puani. Habasoda. Nikaitema kiganjani. Unga mweusi.

Nilimwaga kichupa chote kitandani nikazifungua moja moja. Zote. Habasoda iliyosagwa laini, imejazwa kwa mkono wa mtu mwenye subira.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwekea kiganja changu mbele ya uso.

"Nini hii?"

Alitazama, kisha akageukia moto. "Ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Haina madhara."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanguka kisimani. Kama wiki moja baadaye."

"Wiki tatu, mama! Wiki tatu unanilisha habasoda, na mimi najiona mwendawazimu!"

"Nilikuwa nakuona unakufa!" Mama hajawahi kunipigia kelele vile. "Mifupa imekutoka, huli, hulali. Nimezika watoto wawili kabla yako. Nikakwambia uiache, ukakataa. Ningefanya nini miye? Nikaona asubuhi zako unameza kwa imani, basi imani ibaki, na sumu itoke."

"Na Nasra? Siku ile hospitali ulisimama pale, unajua, ukanyamaza!"

Hapo alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Baadaye aliingia uvunguni mwa kitanda chake akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na unga mweupe wa dawa yangu, ameufunga kwenye karatasi ya daftari, ukakunjwa vizuri kama barua ya posa. Hakuweza kuumwaga. Alisema dawa ni neema, haimwagwi.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Atanionaje?"

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, na sitayaandika. Nilikwenda kwa Seif moja kwa moja, begi bado begani. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia begi, akasema, "Sasa unamsingizia na mama?"

Siku hiyo ndiyo ningeondoka kweli. Kilichonizuia ni hasira, nasema kweli yangu. Niliona nikiondoka watakuwa sahihi wote: baba, mwalimu wa hesabu, mama wa Maskati, Seif. Nikasema siwapi.

Nilirudi Wete kliniki ilipofunguliwa, na nilimchukua mama.  Kwenye benchi alikaa amejifunika uso, na nilipoitwa aliinuka yeye kwanza. Namba yangu alikuwa ameikariri.

Nilipomaliza kueleza, daktari hakutazama mkoba wala kichupa. Alimtazama mama. "Bi mkubwa, macho yako yalikuuma?"

Mama akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Unga ule ukigusa jicho hufanya hivyo. Ulizifungua ngapi?"

"Sikuhesabu. Zote." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni laana. Nilidhani Mungu ananionesha."

Daktari alimwangazia kurunzi, akamwambia yamepona. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwetu: alimweleza mama, pole pole, kwa nini mtu hupungua wiki za mwanzo, nini ni cha kuogopa na nini si cha kuogopa, na akamuuliza mimi nilikuwaje nikiwa mdogo. Mama akaanza kusema. Alisema kiatu cha Idi. Alisema, "Baba yake alimpiga sana siku ile, na miye nilishika mlango asikimbie." Hakunitazama. Nami nilikuwa naangalia sakafu.

Nilianza upya, dozi ndogo, kama siku ya kwanza. Safari hii daktari alitaka dawa niimeze baada ya chakula cha usiku. Nilisinzia mchana, nikatapika mara chache, nywele zilinitoka kidogo kwenye kitana. Mama aliniletea kichupa kila siku na kusimama pale mpaka nimeze, na kila kapsuli aliigeuza kwenye taa kuona haijafunguliwa, kana kwamba mwizi ni mtu mwengine. Sikumcheka. Bado sikuwa nimemsamehe. Kuna siku nilikuwa namnyang'anya kichupa kwa nguvu.

Vuli ilinyesha, karafuu za awamu ya pili zikashuka. Wiki ya sita ilipita bila kitu. Wiki ya saba nilikuwa nasikiliza Bi Mize akisimulia ugomvi wa wifi yake, kisa kirefu, cha kijinga, na alipomaliza nikagundua nimekisikia chote. Ndivyo ilivyorudi.

Seif hakunituma, nilijipa kazi mwenyewe: nilisimamia magunia mpaka la mwisho. Seif alikuja kulichukua jioni, na Nasra nyuma yake, plasta imekwisha kutolewa, mkono mwembamba kama wa mtoto mwengine. Wanawake walikuwa bado wanachambua yaliyobaki. Seif akahesabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Vizuri. Tutaona msimu ujao."

"Msimu ujao nini?"

"Ukifanya hivi tena, tutazungumza habari za mtoto."

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo, lakini mama alikwisha kusimama. Aliingia ndani akatoka na lile kopo. Ndani alikuwa ameweka kapsuli moja, ambayo mimi sikujua kuwa ipo. Alishika mkono wa Seif, akaiweka kiganjani mwake.

"Fungua."

"Mama, mbele za watu..."

"Mbele zao hao hao. Fungua. Nusa."

Seif akaifungua. Harufu ilifika mpaka nilipokaa.

"Nani katia?"

"Miye," akasema mama. "Majamvi yale niliyalowesha miye. Mkono wa mtoto niliuvunja miye, kisha nikanyamaza, na weye ukamhukumu mwenzio. Ukitaka kumnyima mtu mtoto, ninyime miye mjukuu."

Bi Mize aliinuka na pakacha lake akasogea karibu aone vizuri. Seif alisimama na unga mweusi kiganjani, hajui aupeleke wapi. Hakuniomba radhi. Mpaka leo hajaniomba, na mimi mpaka leo namsubiri. Alimwambia Nasra tu, bila kumtazama, "Kachukue vitu vyako."

Ninaendelea na dawa. Mwezi wa Ramadhani naimeza baada ya futari, na daktari amekubali. Sijapona, maana hili si la kupona, nimepunguziwa kelele. Bado boti ikipiga honi Wete miguu inanikereketa. Kuna siku mama nimemsamehe, na kuna siku bado. Ukikuta watu wako wanakupenda mpaka wanakudhuru, kasirika, una haki, lakini nenda nao kwa daktari.

Nasra alirudi jioni ile na furushi la nguo, madaftari mawili, na mguu mmoja hauna kiatu. Alisimama mbele yangu, akauficha mguu mtupu nyuma ya ule wenye kiatu.

"Kingine kiko wapi?" nilimuuliza.

"Sijui." Mabega yake yalikwisha kupanda juu, anangoja. Ninayajua mabega yale.

Niliweka pakacha chini.

"Njoo," nikamwambia. "Twende sote tukakitafute."